Farasi Aliyeliwa na Askari

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Bingwa. Wateja wa vioo walimwita Bingwa, kinyozi wa jirani alimwita Bingwa, na watoto waliovunja dirisha kwa mpira walitumwa "kwa Bingwa" bila mzazi kuongeza neno. Mgeni aliyelisikia jina hilo alitazamia kumkuta mtu wa ndondi, au walau mtu aliyewahi kukimbia akavishwa kitu shingoni. Badala yake alimkuta mzee mfupi mwenye mabega yaliyoteremka, aproni ya turubai, na vidole vilivyojaa makovu membamba meupe, maana hakuna mkata vioo ambaye kioo hakijamkata na yeye. Ubingwa wenyewe ulikuwa wa mchezo mmoja wa sataranji. Mmoja. Kabla ya huo hakuwa amemshinda mtu wa kutajwa, na baada ya huo, tusifichane, hali ilikuwa ile ile.

Kazi yake lakini aliijua. Kwenye meza alitandika blanketi kuukuu, juu ya blanketi akalaza kioo, akafuta vumbi, akachovya gurudumu la kisu chake kwenye mafuta ya taa, kisha akaweka rula na kuvuta mstari kwa pumzi moja. Baada ya hapo alikisogeza kioo ukingoni mwa meza, akakibonyeza, nacho kikakubali. Mstari ukishapita haurudiwi. Ukiurudia, kioo kitapasuka kinapotaka chenyewe, si unapotaka wewe. Hilo alimwambia kila aliyesimama pale mezani kumtazama, awe ameuliza au hajauliza.

Upande wa pili wa karakana ulikuwa mtupu. Misumari ya kutundikia misumeno ilikuwa bado ukutani, na sakafu ya upande huo ilikuwa na rangi nyingine, rangi ya mahali palipokaliwa na unga wa mbao kwa miaka. Mtu akija na picha yake, Bingwa alimwambia akatafute fremu kwanza, ndipo arudi kwa ajili ya kioo. Mteja wa zamani akiuliza mbona siku zile vyote vilifanyika hapa hapa, Bingwa alishika rula na kujifanya anapima kitu.

Jioni, kazi ikiisha, alivuka barabara kwenda kwa kinyozi. Nje ya duka kulikuwa na benchi refu, na mbele ya benchi kreti la soda lililogeuzwa, na juu ya kreti ubao wa sataranji ambao nyumba zake nyeusi zilikuwa zimechujuka zikawa kijivu. Hapo ndipo ungemwona mzee yule ananyooka. Akitokea mtu mgeni anayesubiri zamu ya kunyolewa, ameponea wapi! Bingwa alipanga kete upesi upesi, akavuta kiti, akaanza.

"Huu unaitwa Ufunguzi wa Kioo," alisema. "Jina nimelitoa mwenyewe. Unajua mlango wa kioo uliosafishwa vizuri? Mtu anaona njia nyeupe, anapita, anagonga pua. Sasa tazama. Mimi nina nyeupe. Askari wa mbele ya mfalme, nyumba mbili. Daktari naye vivyo hivyo. Farasi wangu anatoka, naye anasogeza askari wa pembeni nyumba moja. Askofu wangu anatoka. Daktari anamleta askofu wake mpaka hapa, anambana farasi wangu. Kwa nini? Kwa sababu nyuma ya farasi yuko malkia. Farasi akiondoka, malkia yuko wazi. Natoa farasi wa pili, naye anatoa farasi wake. Mtu mwingine angekaa hapo akatetemeka. Mimi nikafanya nini?"

Mgeni alisogeza kichwa kuutazama ubao.

"Nikamwondoa farasi! Huyoo, katikati, akamla askari! Malkia nimemwacha hana hata shuka. Daktari amle? Akimla amekwisha. Askofu wangu anagonga hapa, mfalme wake anasogea hapa, farasi wa pili anashuka hapa, na mfalme hana pa kukimbilia. Lakini daktari hakuwa mjinga, aliuona mtego. Akamwacha malkia, akamla farasi wangu kwa askari. Na mimi nikamla askofu wake kwa malkia yule yule aliyemwogopa. Kuanzia hapo alikuwa anajikokota tu."

Wazee wa benchi walisema, "Hapo, Bingwa, hapo!" kisha kila mmoja akatazama viatu vyake. Mgeni naye alisema hongera. Bingwa alikusanya kete akizipuliza moja moja.

Daktari aliyesemwa alikuwa daktari wa meno. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyecheza kama alivyong'oa meno, bila haraka na bila huruma. Miaka yote aliyokaa kwenye benchi lile hakuna aliyemshinda isipokuwa mkata vioo, na sasa alikuwa marehemu, kwa hiyo hesabu hiyo haitabadilika tena.

Siku ya mchezo ule mkata vioo hakuwa amekwenda kwa kinyozi kucheza. Alikuwa amepelekwa. Binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa amefariki kwa homa, mtoto aliyekuwa ndio kwanza ameanza kusoma mabango ya maduka kwa sauti akiwa ameshikwa mkono barabarani. Walipotoka kumzika, baba yake alikwenda kukaa kwenye stuli ya karakana, akaendelea kukaa. Kisu cha kioo hakukishika. Sahani alizoletewa na mkewe zilirudi kama zilivyokwenda, na maji aliyanywa pale tu mtu aliposimama mbele yake na kungoja. Akawa anapungua kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Mkewe, aliyekuwa na msiba ule ule, alilia kwa zamu, mara kwa ajili ya mtoto na mara kwa ajili ya mume.

Upande wa pili wa karakana siku zile ulikuwa wa mdogo wake, fundi wa fremu. Wawili hao walifanya kazi mgongo kwa mgongo, mmoja anakata kioo na mwingine anaunga mbao za kukishika, na walikuwa wakitaniana kutwa kwamba kioo bila fremu ni wembe na fremu bila kioo ni kuni. Mdogo mtu ndiye aliyemshika kaka yake kiwiko siku ile akasema, "Twende kwa kinyozi, kaka. Ukakae na watu." Akamfikisha mpaka kwenye benchi, akamkalisha, kisha yeye mwenyewe akageuka, akasema ameacha gundi inakauka. Daktari wa meno alikuwa peke yake mbele ya ubao. Akamwambia mkata vioo, "Cheza nyeupe."

Usiku ule mkata vioo alirudi nyumbani akasema ana njaa. Kesho yake akashika kisu. Ndivyo alivyopata kuwa Bingwa.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa na benchi zima. Miaka ilivyokwenda akawa anaondoka karakana mapema, jua bado liko juu, vioo vingine akivikata vifupi, vingine akiviacha havijakatwa kabisa, na mdogo wake ndiye aliyebaki kuwabembeleza wateja. Mdogo mtu mwenyewe hakucheza tena sataranji kwenye benchi lile. Zamani alikuwa akicheza, na akicheza vizuri, lakini tangu ushindi wa kaka yake hakugusa kete. Bingwa alijua sababu. "Wivu," alimwambia mkewe. "Hata ndugu wa tumbo moja." Mkewe alikuwa akikuna nazi, akaendelea kukuna.

Jioni moja mdogo mtu alivuka barabara na kipande cha kioo mkononi, akasimama mbele ya benchi. Daktari wa meno alikuwa ameshafariki wakati huo, na Bingwa alikuwa katikati ya kumwonyesha mtu mgeni mchezo wake.

"Kaka, kioo cha yule mama kimekatwa kifupi tena. Amekaa pale ananingojea mimi, na mimi sina la kumwambia."

"Nenda kwenye mbao zako," Bingwa alisema bila kuinua macho. "Huoni watu wanacheza? Au hata farasi anavyotembea umeshasahau?"

Benchi likacheka. Mdogo mtu alisimama na kile kioo, uso umemwiva. Kisha akasema taratibu, "Daktari alikuachia, kaka. Kila mtu anajua."

Kicheko kikakatika. Bingwa aliwatazama wazee mmoja mmoja ili wamcheke mdogo wake, lakini wote walikuwa wakitazama ubao kana kwamba kuna kete imeanguka. Huo ndio ulikuwa ushahidi, kama angetaka ushahidi. Yeye akaona ni aibu yao kwa ajili ya mtu mwenye kijicho. Asubuhi iliyofuata alimngoja mdogo wake mlangoni pa karakana, akamwambia, "Chukua misumeno yako." Mdogo mtu aliingia ndani. Akaitoa misumeno ukutani mmoja mmoja, akaifunga kwa kamba, akaenda upande mwingine wa mji.

Waliosikia walisema ni hasira za ndugu, zitapoa, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakalima na kuvuna na kulima tena, na ndugu wale hawakusemeshana. Hasira ya Bingwa haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa imetulia kama kutu.

Siku ambayo hadithi hii inaihusu hasa ilikuwa ya mawingu, mwanga mbaya kwa kukata. Bingwa alikuwa ameinama mezani aliposikia hodi.

"Karibu. Kioo cha dirisha au cha picha?"

"Shikamoo, baba mkubwa."

Mkono wake ukasimama juu ya rula. Mlangoni alikuwa msichana mtu mzima, mwenye unga kwenye mikono ya gauni, kwa sababu alifanya kazi kwenye tanuri la mikate na alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Paji la uso lilikuwa la mdogo wake, halikuhitaji kutambulishwa.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Umekuwa mkubwa."

"Baba anaumwa. Mapafu. Wanasema ni unga wa mbao." Alisema hivyo akitazama misumari mitupu ukutani. "Sasa hivi hata kuongea anapumzika katikati. Ameniambia nisikuombe kitu chochote. Anataka tu uende ukamwonyeshe ule mchezo."

"Mchezo gani?"

"Ule wako na daktari."

Tuseme ukweli hata kama unachukiza. Jambo la kwanza lililomjia Bingwa kifuani halikuwa huzuni. Ilikuwa furaha. Amesalimu amri, alijiambia. Ameona mauti yanakuja, anataka kukiri. Huruma ilifuata nyuma, kama mtu aliyechelewa gari. Akafuta mikono kwa aproni, akatoa ubao wake mwingine chini ya meza, akasema, "Kaa hapo, mwanangu. Unajua sataranji?"

"Kidogo."

"Basi nikuonyeshe wewe kwanza, nisije nikasahau mahali."

Hakuwa na hofu ya kusahau. Alitaka tu kuusikia. Akapanga kete juu ya blanketi la vioo, akacheza kwa mikono yote miwili, wa kwake na wa daktari, na maneno yake yakaja yenyewe, mlango wa kioo, pua, malkia asiye na shuka. Msichana alifuata kwa makini. Bingwa alipomla farasi mweupe kwa askari mweusi na kuinua malkia ili aendelee, msichana akaweka kidole pembeni mwa ubao.

"Baba mkubwa, samahani. Kwa nini alimla kwa askari?"

"Amle kwa kete gani tena?"

"Kwa farasi. Si farasi wake huyu hapa?"

Akairudisha hatua, akamchukua farasi mweusi, akamla farasi mweupe. Kitendo kilikuwa kile kile na nyumba ile ile, ila kimefanywa na kete nyingine. "Ukimla kwa askari, askofu anabaki peke yake, malkia anamla. Lakini ukimla kwa farasi, farasi akikaa hapa anamlinda askofu wake. Malkia wako akimla askofu, farasi anamla malkia. Asipomla, inabidi akimbie, na farasi wako umeshampoteza bure."

Bingwa alicheka. "Na mtego wangu je?"

"Mtego ni kwa anayemla malkia. Huyu hamgusi malkia kabisa."

Bingwa alimgusa yule farasi mweusi kwa kidole. "Nani amekufundisha haya?"

"Baba. Ni ufunguzi wa kwanza kunifundisha, nikiwa mdogo. Alisema ukimwona mtu ameachia malkia namna hii, usibabaike, mle farasi kwa farasi. Usimle kwa askari. Kila mchezaji mzuri anauju..." Hapo alimwona baba yake mkubwa usoni, akaondoa mkono ubaoni. "Nisamehe. Labda kuna kitu sikukiona."

"Nenda," Bingwa alisema. "Mwambie nitakuja nikipata nafasi."

Alipobaki peke yake aliufunga mlango kwa ndani. Akaanza kuutafuta ushindi wake. Farasi mweusi amle mweupe, sawa. Malkia akimbilie huku. Hapana. Askofu agonge pale, walau. Hakuna kitu, mfalme atamla askofu, basi. Askari wa pembeni? Hapana. Kila alikopita alijikuta na farasi mmoja pungufu mbele ya mtu ambaye hakuwahi kumsamehe mchezaji hata askari. Na mtu huyo alikuwa amekaa pale, farasi wake nyumba mbili tu kutoka kwenye chakula, akanyoosha mkono akachukua askari. Daktari wa meno! Mtu aliyeona hatua zako kabla hujakohoa! Bingwa alikuwa ameuonyesha mchezo huo jioni nyingi kuliko nywele alizobakiwa nazo, na macho yake kila mara yalikuwa kwa malkia. Hakuwahi hata siku moja kumtazama yule farasi mweusi aliyetulia.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Alianza kuwakumbuka wazee wa benchi na viatu vyao. Wote waliujua mchezo. Wote walisema "hapo, Bingwa, hapo," na hata wateja walioufahamu walisema hongera, na yeye akawa anapuliza kete. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akiwa peke yake ndani ya chumba kilichofungwa. Akachukua kioo alichokuwa amekianza, akakichora, mstari ukatoka mchafu, akaurudia. Kioo kikapasuka mpaka kona.

Nyumbani hakusubiri hata kuvua viatu. "Wewe ulijua?"

Mkewe alikuwa akikunja nguo kitandani. Hakuuliza alijua nini, na hilo peke yake lilikuwa jibu.

"Mimi sijui farasi wala punda wa mchezo wenu," alisema. "Mke wa kinyozi aliniambia, wiki ile ile. Nikamwambia afunge mdomo wake, na mumewe afunge, na benchi lote lifunge. Ulikuwa umekula, mzee wangu. Ningekuuliza nini, na ugali uko mkononi?"

"Miaka yote hii watu wananicheka."

"Nani alikucheka? Watu walikulea." Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Mimi nilizika mtoto. Sikutaka kuzika na mume. Lakini mdogo wako niliona haya kumtetea mbele yako, na hilo ninalo moyoni mpaka leo."

Ungedhani alikwenda asubuhi. Hakwenda. Alisema kesho, na kesho ikazaa kesho. Angekwenda kusema nini? Kwamba miaka yote ile mdogo wake alikuwa mkweli, na yeye alimfukuza kwa ajili ya ukweli? Maneno hayo aliyajaribu karakana, mbele ya ukuta wenye misumari, na kila mara aliishia katikati. Kwa kinyozi hakwenda tena. Wazee walimwona kwa mbali akifunga mlango na kushika njia ya nyumbani, wakaelewa, maana mwenye macho haambiwi tazama. Mwishowe ni mkewe aliyemwekea viatu mlangoni.

"Unangoja nini?" alimwambia. "Unataka ukamwombe radhi akiwa ndani ya udongo? Yule wa kwanza hukuwa na neno la kumwambia, alikuwa mtoto. Huyu unalo."

Mdogo mtu aliishi nyuma ya uwanja wa mbao, chumba kimoja na kibaraza. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha, na dirisha la mdogo wa mkata vioo lilikuwa limezibwa kwa kadibodi. Bingwa aliliona hilo kabla ya kumwona mgonjwa. Binti, aliyempokea mlangoni, aliona anakotazama.

"Lilivunjika zamani," alisema chini chini. "Amekataa fundi mwingine aliguse."

Mgonjwa alikuwa ameegemezwa kwa mito. Mikono iliyokuwa ikikaza vibano vya fremu ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Lakini alipomwona mgeni alijaribu kujivuta aketi vizuri, kwa adabu, kama ilivyompasa mbele ya kaka.

"Shikamoo, kaka."

Bingwa alisogea karibu na kitanda. Akaketi kwenye stuli, akafungua ubao juu ya kiti kingine, akapanga kete ili mikono yake iwe na kazi. Akacheza bila maneno. Askari, askari. Farasi, askari. Askofu, askofu. Farasi, farasi. Akamrusha farasi mweupe katikati, akamwacha malkia. Kisha akamshika farasi mweusi na kumla mweupe, akaondoa mkono.

"Hivi ndivyo alivyopaswa kucheza," alisema. "Nimeiona. Ulisema kweli, na mimi nikakufukuza."

Mgonjwa aliutazama ubao. Taratibu akamrudisha farasi mweusi mahali pake, akamchukua askari.

"Sivyo. Alimla kwa askari."

"Najua alivyomla! Aliniachia. Aliniona hohehahe akanihurumia."

"Hakukuonea huruma. Yule hakuwa na huruma." Alipumzika, akavuta pumzi iliyokwaruza. "Nilimwomba mimi. Nilikwenda kwake kazini, nikakaa kwenye foleni na watu wenye meno mabovu. Nikamwambia kaka yangu anakufa mbele yangu. Alikataa. Alisema hajawahi kushindwa kwa makusudi, kwake hiyo ni haramu. Nikapiga magoti pale kati ya vifaa vyake. Mwishowe akasema, sawa, nitatoa ninachokipenda, na wewe utoe unachokipenda. Usicheze tena kwenye benchi lile, na usimwambie mtu."

Bingwa alimtazama yule askari mweusi.

"Sikucheza tena," mgonjwa alisema. "Hilo nililiweza. La pili ndilo lililonishinda. Uliponiambia nimesahau farasi anavyotembea, mbele ya watu... iliniuma, kaka. Nikasema nisichopaswa kusema. Yule mtu alitimiza ahadi yake mpaka kaburini, mimi nikaivunja. Nimekuita nikuombe radhi."

"Wewe uniombe mimi?"

"Nilikupa kitu, kisha nikakunyang'anya. Haifai."

Binti alitoka nje kwenye kibaraza. Bingwa aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti, bila kujizuia, jinsi ambavyo hakuwahi kulia hata kwa binti yake. Alilia mpaka mkono mkavu ukamgusa begani.

"Basi, kaka. Nataka kuuona mchezo. Si huo wako wa kimya kimya. Ule wenyewe, na maneno yake. Pale karakana ulikuwa ukiucheza mimi nanusa gundi, nakutazama uso. Cheza hivyo."

"Siwezi. Ni uongo mtupu."

"Nakuomba."

Basi akapanga kete upya. Akajifuta uso kwa kiganja, akakohoa. "Huu unaitwa Ufunguzi wa Kioo," alisema, na sauti ikamkatika, akaanza tena. "Jina nimelitoa mwenyewe." Akasema yote. Alimsema daktari aliyeona mtego akaogopa, akamsema malkia asiye na shuka, akainua mikono pale pa kuinua mikono. Mgonjwa alimtazama usoni, si ubaoni, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na kila mara kifua kilipomkaba aliashiria kwa kidole kwamba aendelee.

Ulipokwisha, alimwomba aurudie. Bingwa aliurudia. Katikati ya mara hiyo ya pili macho ya mgonjwa yalijifumba, na pumzi ikawa fupi na ya mbali. Bingwa hakuacha. Aliendelea kwa sauti ndogo, akisogeza kete za pande zote mbili, mpaka mfalme mweusi alipolazwa chini. Kisha akabaki amekaa na ushindi wake, asijue pa kuupeleka.